Ukienda Kambi ya Muziki na Kanuni Yako, Usikubali Kukabidhiwa Cherewa

Wiki iliyopita nimepata ujumbe wa msichana mmoja wa Wete, Pemba. Yuko kidato cha 2, anapiga fidla, kafundishwa na mjomba wake. Amesikia likizo hii kuna kambi ya sanaa za jukwaani huku Unguja na anataka kujaza fomu. Ameniuliza mambo mawili: afanye nini mama yake akubali, na je, hatoaibika mbele za watu maana nota hajui hata moja? Nikaanza kumjibu kwenye simu, jibu likawa refu, nikaona bora niliandike hapa, kwa sababu najua hayuko peke yake. Nyinyi mnaonisoma mna hamu ileile niliyonayo mimi: siku moja ukae katikati ya kikundi kikubwa, Ngome Kongwe imejaa, na chombo chako kisikike mpaka kwa waliosimama mlangoni.

Mimi napiga kanuni. Kwa asiyeijua, ni chombo bapa chenye pembe moja iliyokatwa, unakilaza mapajani au juu ya meza. Nyuzi zake ni 78, tatu tatu kwa kila sauti, yaani sauti 26. Kwenye vidole vya shahada unavaa pete za chuma, ndani ya kila pete unachomeka risha, kile kijiti cha kudonolea nyuzi. Upande wa kushoto kuna vibati vidogo vya chuma, safu kwa safu. Ukikiinua kimoja uzi unapanda kidogo, ukikilaza unashuka. Vibati hivyo mvikumbuke, maana ndiyo kisa chenyewe.

Aliyenifundisha ni mzee wa Malindi ninayemwita Babu, ingawa si wa damu. Babu hajanipa karatasi hata siku moja. Yeye anapiga, mimi namjibu. Nikikosea hasemi neno, anarudia tu mpaka nipate. Alinianzishia bashrafu, yaani muziki wa kufungulia usio na maneno, kabla ya nyimbo, akaniambia nyimbo zitakuja zenyewe. Maqamu, yaani ile mipangilio ya sauti ambayo nyimbo zinajengewa, nimeyapata kwa sikio: hii Rasti, hii Bayati, hii Saba, isikilize inavyolia. Nilipokwenda kambini nikiwa na miaka 16, nilikuwa naweza kuikaza kanuni nzima kwa Rasti bila ya mashine yoyote. Huko kambini hakuna aliyeniuliza kama naweza.

Lakini nianze na mama, maana bila ya ruhusa yote haya ni porojo.

Mama yangu hakuwa na tatizo na kanuni. Tatizo lake lilikuwa kulala nje. Nikimwambia habari za walimu na jukwaa, yeye ananiuliza: wasichana wanalala wapi? Mlango unafungwa na nani? Nani mtu mzima wa kike pale usiku? Sala mtasalia wapi? Na mimi sikuwa na majibu, nilikuwa na karatasi yenye picha za watu wanaocheza. Kilichonisaidia ni Ami. Alichukua namba iliyoandikwa kwenye fomu, akampigia yule mama aliyekuwa msimamizi wa wasichana, akamkaribisha nyumbani. Akaja na buibui lake, akakaa mkekani, akanywa chai na mkate wa ufuta, akajibu maswali ya mama moja baada ya moja. Alipoondoka mama akaniuliza kama nina shuka safi. Nilijua hapo hapo nimeshapata.

Kwa hiyo mdogo wangu wa Wete, usimbembeleze mama yako kwa ndoto zako. Mletee mtu mzima wa kambi, au angalau sauti yake kwenye simu. Mzazi wa kwetu hakukatalii muziki, anakukatalia asichokijua. Na wewe unavuka bahari kabisa, basi na habari za boti uwe nazo: nani atakupokea bandarini Malindi, nani atakurudisha.

Kambi yenyewe ilikuwa Jambiani, kwenye likizo kubwa ya skuli, kipupwe kimetulia na upepo wa kusi unavuma. Tulikuwa wa Unguja na Pemba, wengine Dar es Salaam na Mombasa, na wachache kutoka Ulaya ambao kwao ndiyo majira ya joto. Asubuhi ngoma, mchana maigizo, jioni muziki. Sitaeleza kila siku. Maigizo sikuyapenda, ngoma niliipenda sana.

Usiku ndio nilikopata faida. Kulikuwa na msichana wa Dar anapiga chelo, amesoma nota tangu mdogo, lakini maqamu hayajui. Tukakubaliana: yeye anifundishe kusoma, mimi nimfundishe kusikia. Tulikaa barazani na tochi ya simu, yeye anachora mistari mitano kwenye daftari langu la hesabu, mimi namuimbia Bayati mpaka ameipata kooni ndipo anaitafuta kwenye uzi. Kabla ya kambi kumalizika nilikuwa nasoma mstari mwepesi bila ya kuhesabu kwa kidole. Ndiyo jibu langu kuhusu nota: zinafundishika, na mwenye sikio zuri hazimsumbui. Siti binti Saad, mwimbaji wetu wa taarab wa zamani, alitoka Fumba akiuza vyungu, hakusoma skuli, na mwaka 1928 alikwenda Bombay kurikodi santuri kwa Kiswahili. Bi Kidude, mwimbaji mwengine wa hapa Unguja, alipewa tuzo ya WOMEX, maonesho ya muziki wa dunia, mwaka 2005, na jina lake hakulipatia kwenye karatasi za nota. Jifunze nota, nakuhimiza ujifunze, lakini usiingie mlangoni umeinamisha kichwa.

Sasa nije kwenye kilichoniuma, na bado kinaniuma.

Wimbo wa kufungia kambi ulikuwa wa taarab, na ulikuwa wa Bayati. Nilifurahi nikalia. Kanuni ilikuwa moja tu, yangu. Aliyeongoza muziki alikuwa mwalimu mgeni, mpigaji kinanda hodari, mwenye heshima zake. Siku ya mazoezi ya kwanza tukaanza, na tulipofika kwenye Mi, ile sauti ya tatu ya do-re-mi, kukatokea mvutano: kinanda kinasema kimoja, kanuni inasema kingine, sauti mbili zinatetema zikigombana hewani. Akasimamisha. Akasema mbele ya wote kwamba kanuni haijakazwa vizuri.

Nikamwambia kwa adabu, "Mwalimu, imekazwa. Hii ni Bayati."

Mkalimani akatafsiri, sijui alitafsiri nini. Mwalimu akatoa simu yake yenye programu ya kupimia sauti, akaiweka karibu na uzi wangu, akaniashiria nipige. Nikapiga. Ile sindano ikapanda, ikasimama katikati: haiko kwenye Mi, wala haiko kwenye Mi iliyoshushwa nusu. Akawageuzia wengine kioo cha simu waone. Baadhi wakacheka. Yaani ushahidi kwamba nimekaza sawasawa ndio aliouonesha kuwa ni kosa langu. Mi ya Bayati inakaa pale pale sindano iliposimama, imeshuka robo ya sauti, na kinanda cha kawaida hakina kitufe cha mahali hapo.

Nikainua vibati, nikaipandisha Mi yangu ilingane na kinanda. Hazikupita hata sekunde tano, kwa sababu kanuni imeundwa ijimudu. Tukaanza tena. Mwimbaji alikuwa msichana wa Makunduchi, wimbo ule kaupata kwa wazee wake. Alipofika pale akapotea, akasimama, akanitazama mimi. Alijua. Koo lake lilikuwa linakwenda kunakotakiwa, na sisi sote tumehama. Baada ya chakula cha mchana nikaambiwa ili mambo yawe mepesi kanuni itapumzika, nami nitapiga cherewa, yaani njuga za kutikisa mkononi.

Cherewa nazipenda, kidumbaki, ile taarab ya kikundi kidogo yenye ngoma, bila ya cherewa hakinogi. Lakini mimi nilikwenda na kanuni. Usiku wa kufunga nikatikisa cherewa mstari wa nyuma, na mama na Ami walikuja kutoka mjini wakakaa mbele. Tulipomaliza mama akanikumbatia, kisha akaniuliza, "Kanuni iko wapi?" Sikuwa na la kumjibu. Njia nzima garini sikusema kitu.

Babu nilipomsimulia hakukasirika. Alinambia ugomvi ule ni wa zamani kuliko yeye. Nikaenda kusoma, nikakuta kweli: mwaka 1932 ulifanyika mkutano mkubwa Cairo kuhusu muziki wa Kiarabu, wakaalikwa na wanamuziki wakubwa wa Ulaya, Béla Bartók na Paul Hindemith wakiwemo, na miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa ni kama piano iingizwe kwenye muziki huo, maana haina zile robo. Walibishana watu wazima, mabingwa. Mimi wa kidato cha 3 nikatakiwa niushinde mjadala huo kwa sentensi moja, kupitia mkalimani.

Ndiyo maana nawausia: ujuzi wa kupiga hautoshi. Jifunze kukieleza chombo chako. Kieleze kwa maneno machache yanayomwingia mtu asiyekijua, na ukieleze mapema, jioni ya kwanza, mkiwa wawili na mwalimu, kabla hajasimama mbele ya watu ambako kurudi nyuma ni fedheha kwake. Mpigie Bayati, kisha inua kibati umpigie kama kinanda kinavyotaka, aisikie tofauti kwa masikio yake. Mwenye fidla ni hivyo hivyo: fidla haina vizuizi kwenye shingo, kidole chako kinafika popote, basi muoneshe kidole kinakaa wapi kwa Bayati na wapi kwa nota zake.

Na mjue la kufanya kinanda kikiwepo, maana kambi nyingi kitakuwepo. Maqamu ya Nahawandi inakubaliana na kinanda bila ya taabu. Hijazi nayo, kwa wimbo wa kawaida, hamtagombana. Rasti, Bayati na Saba ndizo zenye robo. Vinanda vingi vya umeme vya siku hizi vinaweza kushushwa sauti mojamoja, na wapiga kinanda wa taarab wa hapa Unguja wanafanya hivyo kila wiki maharusini; kinachotakiwa ni mtu wa kumwambia mwalimu kwamba inawezekana. Kikishindikana chote, kinanda kinyamaze kwenye sentensi ile, kanuni na fidla ziibebe. Ni sentensi moja tu!

Wengine mtasema najivuna. Mimi nasema kijana wa Zanzibar mwenye maqamu kichwani asijione maskini mbele ya mtu yeyote. Kikundi cha taarab cha Ikhwan Safaa kipo tangu 1905. Culture Musical Club tangu 1958. DCMA, skuli ya muziki (Dhow Countries Music Academy), inafundisha mjini tangu 2002, kanuni, udi na fidla pamoja na nota, na kama unaweza kufika kwao nenda. Hiki tulichonacho kimekaa kwetu zaidi ya miaka 100, kimehifadhiwa na wazee wengi wao bila ya malipo ya maana, halafu mtoto anakwenda nacho kambini anakificha kama nguo yenye kiraka. Msifanye hivyo. Mwalimu mgeni aliyekuja mbali hivyo amekuja kusikia kitu, msikizisheni.

Mwaka huu, siku chache baada ya Idi, nilikaa kwenye kiti cha kanuni harusini Kikwajuni, na wakubwa zangu watupu. Tulifungua kwa bashrafu ya Bayati. Mama alikuwepo, na safari hii hakuuliza kitu.

Na mwezi huu waandaaji wa kambi ileile wameniandikia niwe msaidizi wa mwalimu. Nimewajibu kuwa nitakuja kwa masharti mawili. Jioni ya kwanza aalikwe mzee wa taarab, na wanafunzi wote, wa kinanda wakiwemo, waimbe Bayati kwa mdomo bila ya chombo chochote mpaka iwaingie. Na vinanda vya wimbo wa kufungia vishushwe Mi kabla ya mazoezi ya kwanza. Bado hawajanijibu. Wewe wa Wete jaza fomu yako hata hivyo, andika wazi pale penye uzoefu kwamba umefundishwa kwa sikio na mjomba wako, na unapofunga mzigo usisahau nyuzi za akiba, hasa ile nyembamba ya juu, maana ndiyo ya kwanza kukatika na Jambiani hakuna pa kuinunua.