Usigawe kalibu kwa mstari uliotoka kwenye Perspective

Mkuu, usiguse Split, ile amri ya kukatia, kwanza! Umeuliza namna ya kutoa mstari wa upeo (ukingo wa umbo linavyoonekana) kwenye kishikio chako cha kisu ndani ya Rhino, programu ya kuchora vitu vya 3D, ili ugawe kalibu vipande viwili. Lakini kwenye picha uliyoweka, kona ya juu kushoto ya dirisha imeandikwa Perspective, yaani linaonyesha vitu kama jicho linavyoviona, vya mbali vikiwa vidogo. Hapo hapo ndipo mimi niliumia.

Silhouette, amri ya kutoa mstari huo, inauchora pale uso wa kitu unapoanza kujificha machoni pa kamera. Kamera, siyo kalibu! Kwenye Perspective mionzi yote inakutana kwenye jicho moja, kwa hiyo ukitazama mpira huoni nusu yake kamili. Kamera ikisogea karibu, kile kipande unachokiona kinazidi kupungua. Kalibu yenyewe haijui habari za jicho, inafunguka kwa kunyooka tu.

Mimi nilikuwa natengeneza kishikio cha mlango cha mviringo, kipenyo milimita 60. Kamera niliiweka juu yake kabisa, milimita 150 kutoka kitovuni. Piga hesabu kwa nusu kipenyo: 30 mara 30, gawa kwa 150, unapata 6. Mstari wangu ulikaa milimita 6 juu ya tumbo la mpira, yaani pale ulipo mpana zaidi, na kwenye skrini ulipendeza kweli. Nikagawa, nikapeleka kwenye CNC, mashine ya kuchonga inayoongozwa na kompyuta. Kipande cha chini kikalimeza tumbo lote, halafu mdomo wake ukarudi ndani milimita 0.6 kila upande. Haifiki hata unene wa kadi ya benki! Rezini ilipoganda, kishikio kiling'ang'ania kama kupe. Tuligonga kwa nyundo ya mpira, tukapasha moto, wapi. Mwisho tukakipasua kwa patasi, na patasi ikachimba alumini. Bloku mbili na siku mbili za mashine zikaenda hivyo.

Na aliyeniponza ni mwalimu mmoja wa video aliyesema dirisha lolote linalotazama kwa juu linafaa. Video bado ipo, na watu wanamshukuru pale chini. Inaniuma sana. Unafundishaje watu kugawa kalibu bila kuwaambia kitu kitachomolewa kuelekea wapi?

Sasa shika hili moja: Silhouette uipige kwenye dirisha la Parallel tu, ambalo mionzi yake haikutani kwenye jicho moja, linalotazama sawasawa na mwelekeo wa kuchomolea. Usiamini jina la dirisha. Langu liliandikwa Top (kutoka juu), kumbe nilishalibadilisha kuwa Perspective siku za nyuma nikasahau. Fungua Viewport Properties, mipangilio ya dirisha, uone kwa macho yako. Kama kishikio chako kimelala mshazari, weka CPlane (bapa la kuchorea) ili Z yake, mhimili unaosimama wima juu ya bapa hilo, ielekee unakochomolea, kisha andika Plan ili ulitazame bapa hilo moja kwa moja, ndipo upige Silhouette.

Ukimaliza, pitisha DraftAngleAnalysis, amri inayopaka uso rangi kulingana na ulivyoinama ukilinganisha na mwelekeo wa kuchomolea. Yenyewe inafuata Z ya CPlane iliyopo wakati unaianzisha, kwa hiyo usiihamishe katikati. Rangi zigeuke palepale mstari ulipopita. Zikigeukia juu au chini ya mstari, hata kidogo, futa mstari huo uanze upya.

Weka picha nyingine hapa kabla hujamtumia fundi faili. Usiku huu nipo, nitaiangalia.