Muulize Anti: Mume kahamishiwa Lushoto, nimfuate au nibaki Dar?

SWALI: Shikamoo Anti. Mi ni mama wa watoto wawili, naishi Tabata, napika keki za oda, natangaza kwenye status tu na namshukuru Mungu wateja ninao. Mume wangu mtumishi wa serikali, kapata uhamisho wa Lushoto na anataka twende wote, anasema kule maisha rahisi, hewa safi, hakuna foleni. Mama mkwe naye kakazania niende. Ila shoga zangu wananiambia nitadoda, mji mdogo hauna hela na umbea ndo usiseme. Afu mtoto wangu wa mwisho ana pumu. Nifanyeje? – Mama Keki, Tabata.

JIBU: Marahaba mwanangu. Kwanza hao shoga zako waulize kama washawahi hata kupita Mombo wakapandisha ile milima, maana kuna watu wanaisema mikoa na hawajavuka Chalinze.

Mumeo hajadanganya, ila kakwambia upande mmoja. Foleni kweli hakuna, mtoto anaenda shule kwa miguu na wewe unalala mpaka saa kumi na mbili. Mboga utasahau kama zilikuwa na bei, maana karoti, kabichi, hoho na viazi mnavyonunua Ilala vingi vinateremka kutoka hukohuko Usambara, msimu wa plamu ukifika utazigawa. Na nyumba ya kupanga yenye uwanja unaweza kupata kwa hela ambayo Tabata unalipia vyumba viwili na choo cha kushea. Lakini chochote cha kiwandani kinapanda mlima kwa gari, na nauli hiyo anailipa mnunuzi. Icing sugar, rangi, maboksi ya keki, hivyo usitegemee duka la jirani, tafuta mtu wako Kariakoo awe anakuwekea kwenye basi, na agiza mapema hasa masika, maana mvua zikizidi udongo unaporomoka barabarani na magari yanakwama.

Sasa biashara. Wateja wa status hutowakuta, ule mtindo wa mtu kuamka anataka keki ya besdei ya mbwa wake acha Dar. Kule keki inaenda na shughuli: harusi, sendofu, kipaimara (makao makuu ya dayosisi ya KKKT ya Kaskazini Mashariki yapo hapohapo Lushoto, usichezee), Idi, na wanafunzi wa vyuo, kuna chuo cha mahakama pale. Kwa hiyo mwezi mmoja unakimbizwa na oda, mwezi mwingine kimya. Mi ningekuwa wewe ningeanza na maandazi na keki ndogondogo za kuuza asubuhi, ndo hela ya kila siku, keki kubwa iwe ya ziada. Na kuna raha moja hujaambiwa, krimu. Hapo Dar unapamba keki feni inavuma na krimu inateremka kama mshumaa, kule mita kama 1,400 juu ya bahari, mwezi wa saba, krimu inasimama yenyewe. Ila unga wa maandazi ndo utakutesa, baridi inafanya hamira ichelewe, kanda usiku ufunike vizuri uweke karibu na jiko.

Pumu ndo kitu ambacho ningeanza nacho kabla hata ya kufunga godoro. Baridi inaweza kumwamsha mtoto kifua, wengine hali inakuwa nzuri wakitoka kwenye vumbi la mjini, huwezi kujua kwa kukisia. Ongea na daktari wake sa hivi, beba dawa yake ya kuvuta ya kutosha, na mkifika tu mpeleke hospitali ya wilaya wamjue kabla hajaumwa. Tatizo likiwa kubwa rufaa ni Bombo Tanga au KCMC Moshi, na hapo ni kuteremka mlima kwanza. Sikutishi, nataka tu nauli ya dharura iwepo ndani, siyo kwenye mchezo wa mwezi ujao.

Umbea upo bana. Wiki ya kwanza watajua umetoka wapi, mumeo yuko idara gani na kwa nini unanunua nyama kila siku. Lakini hukohuko kujulikana ndo kunakofanya mwenye duka akwandikie kwenye daftari mshahara ukichelewa, na mtoto akipotelea sokoni analetwa nyumbani kabla hujaanza kulia. Salimia watu, jifunze salamu za Kisambaa mbili tatu, nenda misibani hata kama humfahamu marehemu. Asiyeenda misibani kule anaitwa jina ambalo siliandiki hapa.

Nenda mwanangu. Ila mwache mume atangulie, nyie mfuate likizo ya mwezi wa sita, mkaonje baridi yenyewe. Na kama mna kiwanja Dar msikiuze, mtumishi akishahamishwa mara moja anahamishwa tena.

SWALI: Anti, nina miaka 24, nipo Korogwe. Nikisimama na mwanaume yeyote stendi, baba anajua kabla sijafika nyumbani. Nimechoka, nataka kwenda kuishi Dar. – Binti wa Korogwe.

JIBU: Dar nenda kama kuna kazi inakusubiri, siyo kwa kumkimbia baba, maana chumba kule wengi wanataka kodi ya miezi sita mkononi. Na huyo kijana unayesimama naye stendi, kama ana nia, aje nyumbani na wazee wake, mambo yaishe. Kama hana, basi jamani hata sehemu ya kukutania mmekosa? Stendi ya Korogwe? Mabasi ya Arusha na Moshi yote yanapita hapo, shangazi zako wote wanashukia hapo!