Re: Nikimbilie wapi huku kijijini?
Umeuliza utapataje njia ya kukimbia kwa mazoezi huko kijijini ulikohamia, maana barabara kuu haina hata pembeni pa kukanyaga. Mimi ningeiacha hiyo barabara kabisa. Tafuta njia za mashambani zinazopitwa na matrekta: magari ni machache, na udongo haugongi miguu kama lami. Ila fuata mmoja wa ile mikondo miwili ya magurudumu. Pale katikati penye nyasi ndipo mashimo na mawe hujificha, na kifundo cha mguu hupinda kabla hujajua.

Kwanza ipite njia nzima mchana, kwa miguu au baiskeli, uone inaishia wapi. Ramani ya simu wakati mwingine huonyesha njia iliyokwisha kufungwa kwa geti (na ukifungua geti, lirudishie).

Ukilazimika kupita barabarani, kimbia upande unaotazamana na magari, isipokuwa kwenye kona kali usikoona mbele. Hapo vuka mapema. Mbwa akikutokea, usitimue mbio. Simama, usimkazie macho, rudi nyuma taratibu. Na wenye mashamba wasalimie, ndio watakaokuambia siku za kupiga dawa.