Kabla ya kuitisha mkutano, tazama mwezi

Mkutano wetu wa kwanza wa kushirikisha jamii kuhusu mafuriko ulikuwa saa nne asubuhi, mwezi ukiwa wa siku kumi na tano. Tulipanga viti sabini chini ya mwembe, kwenye kijiji kimoja cha Wajomvu ukingoni mwa hori ya Tudor, mkono wa bahari mjini Mombasa, wiki chache baada ya mafuriko ya vuli ya 2023. Ilipofika saa tano walikuwa wamekuja wazee wanne na naibu chifu. Mwenzangu akaandika kwenye ripoti kwamba jamii ile haina mwamko. Nilitia sahihi ripoti ile, na mpaka leo inaniuma.

Siku ile ilikuwa bamvua, siku ya maji makubwa. Mtoto wa pwani hahitaji kuelezwa: mwezi mpevu na mwezi mwandamo maji hupwa sana, na hapa kwetu bamvua hupwa mwendo wa saa nne, saa tano. Hizo ndizo saa za kushika kaa mikokoni, saa za akina mama kushuka kwenye matope kutafuta chaza. Siku hizo za riziki huja mara mbili tu kwa mwezi, na sisi tukawaita watu waziache waje kutusikiliza. Tungekwenda mwezi ukiwa wa siku ishirini na mbili, siku ya maji mafu, bahari isipojaa wala kupwa sana, viti visingetosha.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote anayetumwa na serikali ya kaunti au shirika kwenda "kushirikisha jamii" baada ya maafa ni huu: uliza kwanza kalenda yao, halafu ndipo upange yako.

Na kalenda hiyo si ya mikutano tu. Mzee mmoja kati ya wale wanne alinishika mkono, tukatembea mpaka mdomo wa mtaro unaoingia horini. "Mwanangu," akaniambia, "mvua peke yake tumeizoea. Siku ile ilikutana na maji kujaa." Bamvua ikipwa saa nne, hujaa saa kumi jioni. Mvua kubwa ikinyesha saa hiyo, midomo ya mitaro iko chini ya bahari na maji ya mjini hayana pa kutokea, yanarudi majumbani. Mpango tuliokuwa tumeuandaa ulikuwa na utabiri wa mvua na ramani ya mitaro. Maji kujaa na kupwa hatukuyaandika hata mstari mmoja, mjini Mombasa, kisiwani! Wazee hawa bado wanahesabu miongo ya siku kumi kumi tangu Nairuzi, mwaka mpya wa Waswahili, na wanaweza kukutajia wiki za hatari za vuli kabla hujafungua kompyuta.

Siku hiyohiyo nilipelekwa kwa bibi mmoja ambaye nyumba yake ina ukuta wa zamani wa mawe ya matumbawe. Karibu na mlango kulikuwa na mikwaruzo mitatu ya msumari. Wa kwanza uliwekwa na babake, mvua za 1961. Wa juu kabisa, uliofika kifuani kwangu, ni wa El Niño ya 1997. Wa chini ulikuwa mpya, chokaa yake bado nyeupe. Akaniuliza ghala la chakula cha dharura tunataka kulijenga wapi. Nikamwonyesha uwanja ulio wazi pale chini, tulioupenda kwa sababu lori lingefika bila taabu. Akatikisa kichwa polepole: "Pale pameachwa wazi kwa maana, mwanangu."

Mikoko nayo ina somo lake. Kwenye hori ya Mwache, mikoko mingi ilikufa baada ya mvua za 1997 na 1998, udongo ulioletwa na mito ulipofunika mizizi yake ya kupumulia. Nimeona watu wakija na miche ya mkoko, aina moja tu, wakapanda mstari mmoja, wakapiga picha, wakaondoka. Wavuvi watakwambia kila aina ina mahali pake: mlilana unakaa upande wa bahari, na mchu nao una pake. Walipe wakupandie, na uwalipe kama unavyomlipa mtaalamu, si soda na nauli.

Tena, usichore kila kitu unachoambiwa. Kule Rabai na kwa Waduruma, wazee wa kaya, misitu mitakatifu ya mababu, wanaweza kukueleza chemchemi iliyobaki na maji wakati wa ukame. Misitu ya kaya za Mijikenda iko kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO tangu 2008, lakini heshima hiyo haikupi ruhusa ya kuweka mahali palipozikwa fingo, kinga ya kaya, na njia za kufika huko kwenye ramani ya intaneti. Kenya ina sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi. Omba idhini, na ukikataliwa, kubali.

Jambo moja linanisumbua bado. Wanaoumia sana na mafuriko Mombasa mara nyingi ni wapangaji wa vyumba vya mabondeni, waliotoka mbali, na baraza la wazee haliwasemei. Kukaa na wenyeji hakutoshi kama mama wa chumba cha kupanga hayupo kikaoni.

Wapo wanaoniambia hizi ni hadithi za wazee. Tarehe 26 Desemba 2004, tsunami ileile iliyofika mpaka pwani yetu ilipiga kisiwa cha Simeulue, Indonesia, chenye watu wapatao 78,000. Walikufa saba. Walikuwa na simulizi ya babu zao tangu wimbi la 1907: ardhi ikitetemeka na bahari ikirudi nyuma, kimbilia mlimani.

Mkutano wa pili tuliufanya maji mafu, baada ya alasiri. Ghala sasa liko juu, nyuma ya madrasa, na funguo wanazo akina mama wawili, mmoja mwenyeji na mmoja mpangaji. Juzi mmoja wao amenipigia simu. Bamvua inaingia Alhamisi, mawingu yamejaa upande wa Mazeras, na magunia wameshayainua.