Usitume huo udongo wa Ruvu kabla hujajua umri wa tabaka

Acha kwanza! Hiyo hela usimpe mtu.

Nimesoma ulichoandika: umechimba karibu na mto Ruvu, umekuta tabaka jeusi, umepitisha sumaku ukapata vipunje vya duara, unauliza sumaku ipi inafaa, na sasa unachanga pesa mtu akakupimie iridiamu, metali adimu duniani lakini nyingi kwenye vimondo, uthibitishe kwamba kimondo ndicho kilicholeta baridi ya ghafla miaka 12,900 iliyopita. Mdogo wangu wa Bagamoyo, njia hiyo nimeipita hapa Tanga na imenila laki tisa.

Tulikuwa tunachimba shimo la choo nyuma ya nyumba. Kwenye mita moja na nusu hivi ukatokea ufito wa udongo mweusi, mnene kama kiganja. Siku zile nilikuwa nakesha na video za bwana mmoja mwenye sauti nzito, anayesema tabaka jeusi popote pale ni masizi ya moto wa kimondo. Nikachomoa sumaku ya spika mbovu, nikaiviringisha kwenye mfuko wa nailoni, nikaipitisha juu ya udongo mkavu. Vikanata vipunje vidogo kuliko mbegu za mchicha, vyeusi, mviringo kabisa, vingine vina tundu katikati. Usiku ule sikulala. Nikampata mtu aliyejiita wakala wa maabara ya nje. Alichukua hela, akaniletea karatasi moja: chuma kilichoyeyuka. Basi! Hakuniuliza hata mara moja tabaka lina umri gani. Na yule bwana wa video ana watazamaji wengi, angeweza kulisema hilo kwa nusu dakika. Hajalisema mpaka leo, na hapo ndipo ninapomkasirikia kwa dhati.

Baadaye fundi akipanua shimo, chini ya ufito uleule, chini yake si juu, akatoa kifuniko cha soda kimeliwa na kutu; yaani ufito ulikuja baada ya soda. Nilikigeuzageuza mkononi nikakosa neno. Bibi jirani akanieleza kuwa pale palikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma, na taka zao walizichoma hapohapo. Cheche za kuchomelea zikipoa hewani huwa vipunje vya duara vinavyonata kwenye sumaku.

Umri wa tabaka kwanza, vipunje baadaye. Sina sheria nyingine.

Na usidhani ni hofu yangu tu. Richard Firestone na wenzake walipoitoa hoja hii mwaka 2007, walitegemea matabaka ya namna hiyo. Mwaka 2014 David Meltzer na wenzake wakakagua tarehe za maeneo 29 yaliyotajwa kuwa ushahidi. Matatu tu ndiyo yaliyoangukia mwanzo wa baridi ile! Ikatangazwa kasoko, yaani shimo la kimondo, ya Hiawatha chini ya barafu ya Greenland mwaka 2018, upana kilomita 31, watu wakashangilia kwamba shimo limepatikana. Mwaka 2022 umri wake ukapimwa: miaka milioni 58. Kimondo cha Chicxulub kule Meksiko, kile kinachohusishwa na kutoweka kwa dinosaria, kimekubalika kwa sababu kasoko na tabaka la iridiamu, hata lile la Italia, vyote vinarudi kwenye miaka milioni 66.

Sisemi hoja imekufa. Platinamu, metali nyingine inayoweza kuletwa na kimondo, iliyoripotiwa mwaka 2013 kwenye barafu ya Greenland bado naifikiria, kwa kuwa barafu ile ina hesabu ya miaka, tabaka juu ya tabaka. Ndiyo maana kwangu ina uzito kuliko gunia zima la vipunje. Ila wengi wa watafiti wanaona chanzo ni maji ya barafu iliyoyeyuka Amerika Kaskazini, yaliyomwagika baharini na kudhoofisha mkondo unaopeleka joto kaskazini mwa Atlantiki.

Sasa rudi shimoni. Piga picha ukuta na rula pembeni. Tafuta mkaa ndani ya tabaka, juu yake na chini yake, uuchukue kwa kibanio na uufunge kwenye foili, kila kipande na kina chake, upimwe kwa radiokaboni, kipimo cha umri wa vitu vilivyowahi kuwa hai. Ukikuta nailoni au kigae cha chupa chini ya huo weusi, fukia ukapumzike, hela yako imepona.

Sumaku uliyouliza, ya spika inatosha. Na huyo mtu wako muulize leo hii: umri wa tabaka utapimwa na nani?