Fundi anataka kukata na kuchomelea fimbo ya stelingi, nikubali?

SWALI: Assalaam alaykum fundi. Nina Hilux ya zamani yenye ekseli nzima mbele, nachukulia karafuu kutoka mashambani. Niliinua springi inchi nne ili isigonge mawe. Tangu hapo usukani umekaa upande, na nikipita shimo gari inajivuta. Fundi wangu anasema ataipasha moto pitmani, ule mkono unaotoka kwenye boksi la stelingi na kuisukuma fimbo, aikunje, kisha akate fimbo ya stelingi, atie kipande katikati na kuchomelea. Anasema kazi yake haijawahi kukatika. Nikubali?
Msomaji, Konde, Pemba

JIBU: Waalaykumu salaam ndugu yangu. Usikubali. Na kama keshaikata, gari isitoke hapo ilipo mpaka upate nyengine nzima.

Fundi wako huenda anasema kweli kwamba mshono wake haukatiki. Kinachokatika ni chuma cha pembeni yake. Pitmani si chuma cha geti. Imefuliwa ikiwa moto, ina kaboni nyingi zaidi, mara nyingi karibu asilimia 0.4, kisha ikapozwa na kupashwa tena kwa kipimo ili iwe ngumu bila ya kuwa kavu, yaani ya kuvunjika upesi. Ukiipasha kwa gesi mpaka iwe nyekundu, kipimo kile kimepotea. Ukiichomelea, ukanda wa milimita chache kando ya mshono hupata moto mkali halafu hupoa ghafla, kwa sababu chuma baridi kilichouzunguka kinanyonya joto lake. Ukanda huo unakuwa mgumu kama tupa, na tupa haikunjiki, huvunjika. Wapo wanaomwagia maji ili wawahi kumaliza, na hapo ndipo wanapouharibu zaidi.

Sisi wa visiwani tuna na unyevu. Vijiti vya kuchomelea vilivyokaa wazi kwenye hewa ya pwani hufyonza maji, na kwenye moto maji yale huachia haidrojeni inayoingia ndani ya chuma. Ufa unaweza kuanza saa 24 au 48 baada ya wewe kulipa na kuondoka, chini ya rangi, na kila shimo unalopita unaufungua kidogo.

Niliwahi kuletewa fimbo ya namna hiyo. Mshono ulikuwa mzuri, umelala sawasawa. Ilikatika nusu kidole pembeni. Sehemu kubwa ya mpasuko ilikuwa imeshika kutu, yaani ilikatika zamani, na kipande kidogo kilichong'aa ndicho kilichokuwa kikiishikilia gari peke yake. Dereva alikuwa anarudi nyuma uwanjani. Nikifikiria milima ya huko kwenu, na wachumaji wamekaa juu ya magunia, moyo unanienda mbio.

Kisheria, Zanzibar tuna Sheria yetu ya Usafiri Barabarani, Namba 7 ya 2003, na kuendesha gari isiyo salama ni kosa. Mtu akifa, gari itakaguliwa, na mshono kwenye stelingi unaonekana kwa macho. Hutaweza kusema hukujua, kwa kuwa wewe ndiye uliyelipia. Fundi naye anaweza kudaiwa. Bima isome vizuri: kwa kawaida inakutaka uiweke gari katika hali salama na utoe taarifa ya mabadiliko. Kampuni inaweza kukataa kukulipa, au ikamlipa uliyemuumiza kisha ikakudai wewe.

Sasa dawa. Usukani kukaa upande ni kazi ndogo: legeza klempu (vibanio) za fimbo, izungushe kwenye nyuzi zake za skrubu mpaka usukani unyooke, lakini nyuzi za kutosha zibaki ndani. Kujivuta ni jambo jengine, na hata kuchomelea kusingekuondoa. Ulipoinua springi, fimbo imelala mteremko mkali, kwa hiyo ekseli ikipanda inaisukuma stelingi bila ya wewe kugusa usukani. Punguza springi zirudi inchi mbili, au agiza pitmani ya kushusha, yaani inayoteremka chini zaidi ili fimbo isilale mteremko, iliyofuliwa kipande kimoja kwa ajili ya gari hiyo. Ghali, najua. Funga na splitipini mpya, ile pini inayozuia nati isifunguke, kisha pima tairi za mbele kama zimekaa sawa.

Na pitmani ya zamani, kama imeshapashwa moto, ikate vipande viwili kabla ya kuiuza skrepa, isije ikarudi dukani ikavalishwa gari ya mwengine.