Mwalimu mgeni, anza na Kiswahili walichonacho

Kama umepangiwa Kigoma na unakwenda kushika Kiingereza kidato cha kwanza, nakuandikia wewe. Mimi nina miaka 12 kazini huku, shule ya kata iliyo karibu na ziwa, na haya ndiyo niliyoyakosa siku niliposhuka kwenye treni na begi langu moja.

Watoto utakaowakuta wamesoma shule ya msingi kwa Kiswahili: hesabu kwa Kiswahili, sayansi kwa Kiswahili. Wakivuka kuja sekondari, karibu kila somo linageuka Kiingereza. Tena wengi wao nyumbani wanaongea Kiha, kwa hiyo unachowafundisha ni lugha ya tatu. Wakikutazama kimya wiki za mwanzo, wape muda. Uliza swali, kisha hesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kumtaja mtu au kujijibu mwenyewe. Utaona mikono inayopanda ukifika saba au nane.

Shule niliyoanzia kazi ilikuwa na kibao cha mbao chenye kamba. Mwanafunzi akisikika anaongea Kiswahili anavishwa shingoni, anatembea nacho mpaka amnase mwenzake. Nilikuwa mkali wa kibao hicho kuliko walimu wote. Kulikuwa na binti mmoja, hodari wa hesabu, aliyevishwa mara tatu ndani ya wiki moja. Baada ya hapo aliacha kuongea kabisa. Akitaka kwenda chooni alinyoosha mkono, nikimtazama, anaelekeza kidole mlangoni. Nilimfundisha mwaka mzima bila kumsikia sauti. Jambo hilo linaniuma hadi leo, na tangu nihame pale sijamwadhibu mtoto kwa kuongea Kiswahili.

Badala yake nimejifunza kusikiliza makosa yao, kwa sababu kosa la mwanafunzi mara nyingi ni Kiswahili sahihi kilichovaa maneno ya Kiingereza. Ukilijua linatoka wapi, unalitibu kwa dakika tano.

Chukua kiambishi "-me-". Vitabu vingi vinawaambia "amefika" ni "he has arrived", nao wanashika. Kesho yake mtoto anaandika "the baby has slept" wakati mtoto mchanga bado yuko usingizini. Kwake ni sawa kabisa: si amelala? Hapo usianze kutaja majina ya nyakati. Mimi humwita mmoja asimame mlangoni, mwingine akae juu ya meza yangu, wa tatu ajilaze kichwa dawatini. Nauliza darasa kwa Kiswahili: wanafanya nini? Amesimama, amekaa, amelala. Kisha naandika ubaoni "is standing", "is sitting", "is asleep". Chini yake tunaongeza amevaa, amechoka, amenyamaza. Wenyewe wanagundua kwamba "-me-" yetu ina kazi mbili, kitendo kilichokwisha na hali inayoendelea, na Kiingereza kinazitenganisha. Nikishamaliza somo hili, kosa hilo hupungua sana kwenye madaftari.

Jingine litakalokuchanganya wewe zaidi kuliko wao ni jibu la ndiyo na hapana. Ukiuliza "Haven't you finished?" nao wakajibu kwa pamoja "Yes!", usikusanye madaftari. Wanamaanisha ndiyo, hatujamaliza. Kiswahili kinakubaliana na swali. Kiingereza kinaangalia kitendo chenyewe. Mwaka wangu wa kwanza nilikusanya madaftari yenye kazi nusu na nikawagombeza darasa zima kwa uongo ambao hawakuusema. Wafundishe kumalizia sentensi: "No, we haven't." Bila hicho kipande cha mwisho hutajua wanasema nini.

"He" na "she" watazichanganya muda mrefu, maana "yeye" haina jinsia. Kuwasahihisha kila mara hakusaidii. Waache wasimulie habari za ndugu zao: mjomba wangu, shangazi yangu, kila mmoja sentensi tatu kwa jirani yake wa dawati. Mtu anapomsimulia shangazi yake halisi anamwona kichwani, na "she" inakuja yenyewe. Watashangaa pia kwamba Kiingereza kinawaita mjomba na baba mdogo jina moja, "uncle". Waache wabishane kidogo juu ya hilo. Ni mabishano mazuri.

Saa nayo ifundishe mapema, kwa saa ya ukutani ukiwa nayo au ya kuchora. Mshale mfupi uko kwenye 10, sisi tunasema saa nne, Waingereza wanasema "ten o'clock". Tofauti ni saa sita, basi.

Kwenye matamshi usiwafundishe kama vile midomo yao ni mitupu. Sauti ya "think" wanayo kwenye thelathini na thamani. Sauti ya "this" wanayo kwenye dhahabu na dhambi. Wengine watakuambia "selasini" na "zahabu". Basi sahihisha Kiswahili kwanza, na Kiingereza kitafuata kwa njia hiyo hiyo. Kazi kubwa zaidi huku ni "l" na "r", ambazo wengi waliokulia kwenye Kiha huzibadilishana. Utasikia "I live near the rake". Usicheke wala usiruhusu darasa licheke. Nachora ubaoni ziwa upande mmoja na reki ya bustani upande wa pili, natamka, wanaonyesha. Baadaye wanatamka wao, mimi naonyesha. Sikio likishatofautisha, ulimi hufuata, ingawa kwa wengine huchukua muhula mzima.

Halafu waulize wanachokijua kuliko wewe. Nilikuwa na kijana wa Kibirizi, kwenye mwalo wa wavuvi, amekaa nyuma, hajawahi kujibu kitu. Siku moja niliandika ubaoni: "Why do fishermen rest when the moon is bright?" Nilikuwa najua jibu kijuujuu tu. Akasimama bila kuitwa. "Dagaa come to lamp. Moon is there, dagaa not come. Everywhere is lamp." Darasa likatulia. Nikaandika maneno yake ubaoni kama alivyoyasema, nikawaomba wenzake tuyanyooshe pamoja, neno moja moja, mpaka ikawa: "When the moon is bright, the dagaa do not come to the lamps, because there is light everywhere." Wote wakainakili. Kipindi kilichofuata alitueleza kuanika dagaa, na kutoka hapo tulipata "first", "then", "after that" na "if it rains" bila kufungua kitabu. Hata neno "dagaa" nililiacha kama lilivyo. Kuna maneno hayana haja ya kutafsiriwa.

Vitabu vikiwa vichache, omba walete maboksi na karatasi za dawa, sabuni, mbegu. "Keep out of reach of children." "Store in a cool, dry place." "Shake well before use." Hizo ni sentensi za amri, fupi, zimeandikwa na watu waliotaka zieleweke, na zina faida nyumbani: mama akiuliza dawa hii inatunzwaje, mtoto anamsomea.

Mwisho, madaftari. Darasa la watoto 90 ukisahihisha kila kosa kwa kalamu nyekundu utakesha, na mtoto atarudishiwa ukurasa wa damu asiojua aanzie wapi. Chagua kosa moja kwa wiki. Wiki hii "s" ya "he goes", wiki ijayo wakati uliopita. Watangazie Jumatatu kwamba unatafuta hilo tu, mengine yaache yapite. Beba madaftari ya safu mbili kwa siku, usibebe yote. Na chini ya kila kazi andika swali moja la kweli juu ya alichoandika mtoto: "How old is your aunt now?" Atalijibu, hata kwa sentensi mbovu, kwa sababu umemuuliza.